Jenereta ya esansi imegoma kuwaka: isome buji kabla hujafungua kabureta

Umeme umekatika, friji imeanza kutoa maji, na kamba ya jenereta imevutwa mara ishirini bila mashine hata kukohoa. Hapo ndipo watu huharibu zaidi. Kamba inavutwa kwa hasira mpaka inakatika, choki inafungwa na kufunguliwa ovyo, halafu anaitwa kijana mwenye bisibisi anayeanza moja kwa moja na kabureta ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mashine ndogo ya esansi, ile ambayo Watanzania na Wakenya huiita petroli, inataka vitu vitatu iwake: esansi iliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake, cheche inayokuja kwa wakati, na mgandamizo ndani ya silinda. Kipande kinachokaa pale pale vitu hivyo vitatu vinapokutana ni buji, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita plagi. Ukiitoa na kuitazama kwa utulivu, itakuonyesha upande wa kwenda.

Maelezo haya ni ya jenereta, au grupu, za kawaida zinazoendesha saluni, vibanda vya kuchaji simu na maduka ya Goma na Bukavu: kVA 2 hadi 3, mashine ya mipigo minne ya cc 163 hadi 212, ikiwa ni Honda GX160 au GX200, au zile za Kichina zenye muundo huohuo zilizoandikwa 168F au 170F. Vile vidogo vinavyowekewa esansi iliyochanganywa na oili vimeelezwa mbele.

Jambo la lugha kwanza, maana limeshaua buji nyingi. Huku kwetu ukisema "petroli" unauziwa mafuta ya taa. Ya jenereta ni esansi, na dizeli ni mazutu. Mgeni kutoka Arusha au Mombasa akimtuma mtoto petroli, akaijaza kwenye tangi, mashine baridi haiwezi kuwaka hata buji ibadilishwe mara kumi. Ikitokea hivyo, mwaga tangi lote na bakuli la kabureta, kausha buji, uanze upya.

Dakika mbili bila ufunguo wowote

Chomoa kila kitu kwenye soketi za jenereta. Weka swichi kwenye ON. Fungua robine (koki) ya esansi. Kwenye kabureta nyingi ni kile kijiti kidogo kinachosukumwa kulia au kushoto, na choki iko juu yake. Mafundi wa hapa huiita choki "starteri", usichanganyikiwe ukisikia neno hilo. Mashine ikiwa baridi, choki ifungwe. Ikiwa imezimwa dakika kumi zilizopita na bado ina joto, choki iachwe wazi, la sivyo utaizamisha kwa esansi. Tazama pia kifuniko cha tangi: kina kitundu cha kupitishia hewa, na kikizibwa na vumbi esansi haishuki. Fungua kifuniko, vuta kamba. Ikiwaka, umeshapata tatizo. Kioshe kifuniko kwa esansi na kipulize.

Sasa oili, na hapa usipite haraka. Jenereta nyingi za aina hii zina boya dogo ndani ya tumbo la mashine. Oili ikishuka, boya linashuka nayo na kukata cheche ili mashine isijiue. Mashine haitoi onyo lolote, wala hailii: unavuta kamba, inazunguka vizuri, haiwaki. Tena boya halijui kama oili imepungua au kama mashine imeinama, na uani kwetu Goma ni mawe ya volkano, ni nadra kupata sehemu tambarare. Jenereta iliyowaka jana mahali pamoja inaweza kukataa leo kwa sababu tu mguu mmoja umepanda juu ya jiwe. Iweke kwenye ubao au saruji iliyo sawa, fungua kifuniko cha oili: oili inatakiwa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kiasi chote ni karibu lita 0.6, kwa hiyo chupa ya lita moja inabaki na zaidi ya theluthi. SAE 10W-30 inafaa vizuri kwa hali ya hewa yetu. Usizidishe, oili iliyozidi inapanda kwenye silinda na kwenye filta ya hewa.

Na kama jenereta imefika leo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au nyuma ya pikipiki ikiwa imelazwa ubavu, usivute kamba kwanza. Isimamishe nusu saa, kisha toa buji na vuta kamba polepole mara tano au sita, swichi ikiwa OFF. Oili iliyoingia silinda itatoka. Ukilazimisha kamba buji ikiwa ndani, pistoni inakutana na oili isiyobanika, na kitu kitapinda au kuvunjika.

Buji inasema nini

Ufunguo wa buji ni wa 21. Chomoa kofia ya buji kwa kushika kofia yenyewe, usivute waya. Pangusa vumbi lililoizunguka kabla ya kulegeza, kwa sababu mchanga mweusi wetu ni chembe za mawe ya moto, mkali kama vioo vilivyosagwa, na ukianguka kwenye silinda utachora kuta zake.

Shika buji kwenye mwanga. Tazama ncha ya chuma, kaure nyeupe inayoizunguka, na nafasi iliyopo kati ya ncha mbili.

Ikiwa imelowa na inanuka esansi, mafuta yanafika. Ama hakuna cheche, ama umevuta mno choki ikiwa imefungwa na mashine imezama. Funga robine, fungua choki, weka swichi OFF, vuta kamba mara sita tundu likiwa wazi, kausha buji kwa kitambaa, kisha pima cheche.

Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi na choki imefungwa, esansi haifiki silinda. Nenda upande wa tangi na kabureta.

Ikiwa na masizi meusi makavu kama ya sufuria ya makala (mkaa), inapata esansi nyingi kuliko hewa. Mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au choki isiyofunguka hadi mwisho. Kuna sababu nyingine ya huku kwetu: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani inamwaga esansi kupita kiasi. Mashine hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, yaani huku inakuja na upungufu wa karibu asilimia 17. Kwa mashine inayochafua buji kila baada ya wiki mbili ingawa filta ni safi, jikleri, kile kidude cha kabureta chenye tundu la kupimia esansi, ikiwa ndogo kidogo ndiyo dawa, si kununua buji nyingine.

Ikiwa na oili nzito nyeusi, ama oili ilizidi, ama mashine ililazwa, ama segma (ringi) za pistoni zimechoka.

Safisha buji kwa brashi ya waya na esansi. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Usipokuwa na kipimo, tumia kisu cha msumeno wa kukatia chuma, ambacho unene wake ni karibu milimita 0.6: kipite kwa ulegevu kidogo tu. Kaure ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, itupe. Ukinunua mpya, tafuta NGK BPR6ES au F7TC. Irudishe kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie ufunguo: nusu mzunguko kwa mpya, robo au chini ya hapo kwa ya zamani. Silinda ni ya alumini, na nyuzi za alumini zikiliwa gharama yake si ya buji tena.

Cheche ikikosekana

Chomeka buji kwenye kofia yake, gusisha mwili wake wa chuma na chuma tupu cha mashine, mbali na tundu la silinda. Pangusa kwanza esansi yoyote iliyomwagika, na uzibe tundu kwa buji ya zamani, kwa sababu mvuke unaotoka pale unaweza kushika moto. Fanya hivi kivulini, swichi ikiwa ON, mwenzako avute kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikilia. Ya njano na nyembamba ni dhaifu.

Hakuna kitu? Fuata mpangilio huu, maana kila hatua ni ya gharama zaidi kuliko iliyotangulia. Jaribu buji nyingine inayojulikana kuwa nzima. Zungusha kofia ya buji kinyume cha saa uitoe kwenye waya, kata milimita 5 za mwisho wa waya zilizoota kutu, uirudishe. Kisha tafuta waya unaotoka tumboni mwa mashine, mara nyingi wa njano, chini karibu na tundu la oili: ni wa boya la oili. Uchomoe, jaribu tena. Cheche ikirudi na oili imejaa kweli, boya limeharibika. Liweke kwenye orodha ya kubadilisha. Ukiendesha bila boya, siku oili itakapoisha hakuna kitakachoizima.

Bado hakuna cheche? Chomoa waya mwembamba unaoingia kwenye bobini (koili inayotengeneza cheche), ule unaotoka kwenye swichi. Cheche ikirudi, swichi au waya wake unagusa chuma mahali fulani. Ukijaribu mashine katika hali hiyo, kumbuka swichi haitaizima. Utaizima kwa kufunga choki na robine. Isiporudi, toa kifuniko cha kamba na ganda la feni, utaona bobini ikitazama gurudumu la sumaku. Nafasi kati yao ni karibu milimita 0.4. Legeza skrubu mbili, weka kadi ngumu ya jina katikati, acha sumaku ivute bobini, kaza, toa kadi. Sugua kutu kwenye sumaku kwa msasa laini. Kama hata hapo kimya, nunua bobini.

Esansi ikikosekana

Jaribio la haraka kwanza: mimina nusu kijiko cha chai cha esansi kwenye tundu la buji, rudisha buji, vuta. Ikiwaka sekunde mbili tatu na kufa, cheche na mgandamizo ni vizima, shida ni njia ya esansi. Usizidishe kipimo hicho, na dumu liwe mbali.

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa angavu chini yake, ifungue robine ikiwa wazi. Esansi itiririke bila kukatika. Ikitoka matone halafu ikakoma, kizuizi kiko juu: chujio ndani ya tangi, mpira wa kupitishia, au kikombe cha uchafu chini ya robine, kinachofunguliwa kwa ufunguo wa 10.

Ile esansi ya chupani usiimwage. Iache dakika kumi itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini na utaona mstari safi unaowagawa. Esansi ya kadafi, yaani muuzaji wa esansi wa barabarani, inayomwagwa kutoka dumu hadi chupa hadi dumu, mvua ikinyesha, mara nyingi ina maji hayo. Tonesha pia tone moja kwenye karatasi nyeupe: esansi safi hukauka upesi bila alama, iliyochanganywa na mafuta ya taa au mazutu huacha doa la mafuta. Na esansi iliyokaa miezi kadhaa kwenye tangi inanuka kama rangi ya kuta. Sehemu yake nyepesi imeruka, iliyobaki imekuwa gundi.

Esansi ikitiririka vizuri na safi lakini buji ni kavu, sasa kabureta ifunguliwe. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa springi na vyuma vya gavana (kidhibiti mwendo wa mashine). Funga robine. Toa boliti ya 10 chini ya bakuli, shusha bakuli likiwa limesimama ili uone kilichomo: maji, kutu, au ute wa kahawia. Katikati ya nguzo inayobaki juu kuna jikleri kuu ya shaba nyeupe au njano. Ifungue kwa bisibisi bapa inayojaa kwenye mfereji wake. Bisibisi nyembamba itaikwangua na hutaitoa tena. Nyuma yake kunashuka bomba dogo lenye vitundu ubavuni, nalo litoe.

Ishike jikleri kuelekea anga. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili. Ukiona umbo la mwezi mchanga, gundi imeng'ang'ania ukingoni. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Sindano ya kushonea, au waya wa chuma wa breki ya baiskeli, itapanua tundu ambalo halifiki hata milimita moja, na kuanzia siku hiyo mashine itakunywa esansi bila kipimo. Zibua pia jikleri ndogo ya mwendo wa polepole, iliyo sehemu ya juu, chini ya skrubu ya plastiki, kisha puliza njia zote. Inua boya la kabureta kwa kidole upulize kwenye mpira wa esansi: hewa isipite. Ikipita, sindano ya boya imeliwa na mashine itakuwa ikizama kila mara.

Mpira wa mviringo wa bakuli hutanuka ukilowa esansi na kukataa kurudi kwenye mfereji wake. Hujahitaji mpya: uanike juani saa moja, utajikunja.

Kamba ikiwa nyepesi mno, au ikikupiga mkono

Mashine hizi zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hiyo usitarajie upinzani mkubwa. Lakini kamba ikija kama unavuta nyuzi za nguo, weka kidole gumba kwenye tundu la buji na uvute: hewa ikushinde kidole. Isiposukuma, fungua boliti nne za 10 za kifuniko cha supapi (valvu), vuta kamba polepole, tazama kama supapi zote mbili zinapanda na kushuka. Mashine iliyokaa miezi karibu na ziwa mara nyingi ina supapi ya moshi iliyoshikwa na kutu. Mafuta ya kupenya na kuigonga kidogo kwa mpini wa nyundo wa mbao huiachia. Nafasi yake mashine ikiwa baridi, kwa nyingi za muundo huu, ni milimita 0.15 upande wa kuingizia na 0.20 upande wa moshi. Supapi zikiwa nzima, tia kijiko cha oili kwenye silinda: mgandamizo ukirudi, ni segma.

Kamba ikikupiga mkono kwa nyuma, yaani inavutwa kinyume, cheche inakuja wakati usio wake. Kichuma kinachoshika gurudumu la sumaku kwenye mhimili kimekatika. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kung'olea gurudumu, si ya patasi na nyundo.

Vidogo vya mchanganyiko

Hivi vya wati 650 havina oili tumboni. Oili iko ndani ya esansi. Kipimo kinachoandikwa juu ya tangi mara nyingi ni 1 kwa 50: mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa lita, mililita 100 kwa dumu la lita 5. Watu huongeza "ili isife", na matokeo yake ni buji iliyojaa oili na bomba la moshi lililozibwa na makaa. Kama buji na kabureta ni safi na bado inakataa, fungua bomba la moshi ulikwangue kwa kijiti cha mti.

Mahali pa kuiweka

Usiwashe ndani, wala kwenye korido, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyonuka na inayoua mtu akiwa usingizini. Na kwa wa Goma na njia ya Sake, usiiweke shimoni ili kupunguza kelele. Kuna sehemu ambako mazuku hukusanyika mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma: ni kaboni dayoksidi kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, na mashine haiwezi kuwaka ndani yake. Jenereta ikizimika yenyewe mahali pa chini pasipo sababu, usiiname kutazama kabureta. Ondoka kwanza upande wa juu, subiri jua na upepo, kisha ivute kwa kamba ndefu uipeleke pengine.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee buji ya zamani kwenye karatasi, ile chupa ya esansi iliyotulia, na umwambie ulichopima: cheche ipo au haipo, esansi inatiririka au la, kidole kilisukumwa au hapana. Ataanzia pale ulipoishia, na kabureta nzima haitafunguliwa bure.